Siku Niliyokosea

Orodha ya timu ya riadha ya shule ilibandikwa Ijumaa wakati wa mapumziko ya saa nne. Karatasi moja, majina kumi na manne, sahihi yangu chini. Wanafunzi walijazana ubaoni kama kila mwaka. Waliojiona wakapiga kelele, wasiojiona wakaondoka kimyakimya, kila mmoja akijifanya alikuwa anapita tu.

Mmoja hakuondoka. Alingoja wenzake wapungue, akaisoma orodha kuanzia juu hadi chini, kisha akaja kusimama mlangoni kwa ofisi ya walimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ingia."

"Mwalimu, naomba kujua siku niliyokosea."

Nilidhani amekuja kubisha, na kwa kubishana nilikuwa nimejiandaa, daftari liko mezani na hesabu zimepigiwa mistari. Lakini hakubisha. Alichotaka ni tarehe. Kama kuna siku alikimbia vibaya, aambiwe ni ipi, akumbuke alikula nini, alilala saa ngapi, asirudie.

Nikamwambia si habari ya siku moja, ni wastani wa mbio zake zote. Akasema, "Asante, Mwalimu," akarudi darasani.

Ni wiki nane sasa, na swali lile halijanitoka.

## Mbio nane kwa nane

Nafundisha hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimsaidia mzee anayefundisha riadha shuleni kwetu. Yeye anawatazama watoto, mimi nashika saa. Mwaka huu nilimwomba tubadilishe jambo moja: timu ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari nchini, isichaguliwe kwa macho na kumbukumbu, ichaguliwe kwa takwimu. Kila mbio iandikwe. Nilitaka haki, na bado naitaka. Nimewahi kuona mtoto akiachwa kwa sababu alichechemea jioni ambayo mgeni fulani alipita uwanjani, na mwingine akichukuliwa kwa sababu jioni hiyohiyo alikuwa amepumzika.

Mita 1500 ilikuwa na nafasi moja na wagombea wawili wa kweli. Mmoja anakaa bweni. Mwingine anatoka Nala na daladala la asubuhi, na likijaa anangoja linalofuata. Nitawaita hivyo, wa bweni na wa Nala, kwa kuwa wote wawili bado ni wanafunzi wangu.

Kuanzia Aprili hadi katikati ya Mei kila mmoja alikimbia mara nane. Muda wao ni huu, bila kufuata mpangilio wa tarehe. Wa bweni: 4:22, 4:24, 4:23, 4:25, 4:24, 4:26, 4:33, 4:35. Wa Nala: 4:20, 4:22, 4:29, 4:31, 4:30, 4:32, 4:28, 4:48.

Geuza dakika ziwe sekunde, ujumlishe. Wa bweni anapata 2132, gawa kwa nane, ni 266.5, yaani 4:26.5. Wa Nala anapata 2160, wastani wake 270, yaani 4:30 kamili. Pengo ni sekunde tatu na nusu. Kwa kasi ya vijana hawa, hizo ni karibu mita 20 za uwanja.

Sikuishia kwenye wastani, maana nimewafundisha wanafunzi wangu wasiishie hapo. Nilitafuta mkengeuko sanifu, kile kipimo kinachokuonyesha namba zimetawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani wake. Wa bweni alipata sekunde 4.5, wa Nala 7.9. Kwa lugha ya uwanjani nilisema hivi: wa bweni ukimwita unajua atakupa nini, wa Nala anaweza kukupa 4:20, anaweza kukupa 4:48.

Kwa muda bora peke yake wa Nala alikuwa mbele, 4:20 kwa 4:22. Nikalipita hilo haraka. Muda bora ni habari ya siku moja, nikasema.

Mzee aliitazama karatasi kwa kitambo. Ni Mgogo wa Bahi, mtu anayemsalimia kila mmoja kwa "mbukwa" na baada ya hapo haongezi mengi. Akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, mbona wakikimbia pamoja huyu wa Nala humpita mwenzake?"

Nilimjibu kwa heshima, lakini nilimjibu upesi. Wamekimbia pamoja mara nne tu, Mzee. Mbio nne ni chache. Zisitufumbe macho tukaacha kuona zote kumi na sita.

Akaikunja karatasi, akanirudishia. "Haya, mwanangu. Wewe ndiye mwenye hesabu."

Nilichukulia kwamba amekubali.

## Ile 4:48

Baada ya mtoto kuja ofisini, kitu cha kwanza nilichokishuku ni ile 4:48. Katika namba nane, moja iliyojitenga ina nguvu kubwa mno, maana inauburuta wastani mzima kuelekea iliko. Sikukumbuka kilichotokea siku ile, na kwenye daftari hapakuwa na neno lolote pembeni yake. Nikaiondoa nione. Saba zilizobaki zikatoa 4:27.4. Bado yuko nyuma, japo kwa chini ya sekunde moja.

Kuondoa namba kwa kuwa tu haikupendezi ni tabia mbaya, na nisingependa mwanafunzi wangu aipate. Nikairudisha. Nikaenda kwenye kipimo ambacho namba moja ya mbali haiwezi kukivuruga: zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati. Zikiwa nane, unachukua ya nne na ya tano, unagawa kwa mbili. Wa bweni 4:24.5. Wa Nala 4:29.5.

Pengo likawa sekunde tano. Lilikuwa limeongezeka!

Nikashusha pumzi. Vipimo viwili tofauti, jibu moja. Usiku ule nililala vizuri.

Nafuu ile inanichoma leo kuliko kosa lenyewe. Nilikuwa nimeuliza swali lilelile kwa njia mbili, nikafurahi kupata jibu lilelile.

## Upepo wa saa kumi

Mwishoni mwa Mei nilikuwa uwanjani saa kumi jioni, nimesimama tu, sishiki saa. Mvua zilikuwa zimekwisha, majani yameanza kuwa na rangi ya magunia. Aliyeishi Dodoma hahitaji kuelezwa jioni za majira yale. Asubuhi bendera ya shule imenyong'onyea kwenye mlingoti wake. Ikifika alasiri unautafuna mchanga bila kutaka.

Watoto walikuwa wanatoka kwenye kona ya mwisho kuingia sehemu iliyonyooka, na mmoja baada ya mwingine walikuwa wananyanyuka kifua, hatua zinakatika, kama mtu aliyesukumwa na kiganja. Nilikuwa nimeiona picha hiyo mara mia. Siku zote nikishika saa jicho langu huwa kwenye mstari wa kumalizia, si kwenye miili.

Nilikuwa nikiamini, na nimewahi kuwaambia watoto, kwamba kwenye uwanja wa mviringo upepo haumwonei mtu: upande huu unakuzuia, upande ule unakusukuma, mwishoni mnalipana. Nilipofika nyumbani nikakaa kulipigia hesabu. Ukinzani wa hewa unakua kwa kipeo cha pili cha kasi ya hewa inayokugonga. Mtoto anayekimbia 1500 kwa muda huu anakwenda kama mita 5.7 kwa sekunde. Hewa ikitulia, kipeo chake cha pili ni kama 32. Weka upepo wa mita 3 kwa sekunde. Akiukabili, hewa inamgonga kwa 8.7, na kipeo chake ni kama 76. Ukiwa mgongoni inabaki 2.7, kipeo chake ni kama 7. Wastani wa 76 na 7 ni zaidi ya 41. Kwa hiyo upepo haulipi. Unakutoza upande mmoja, ukifika upande wa pili unakurudishia sehemu tu.

Na hapo sijalitaja jua.

Sheria za riadha duniani zinaujua upepo vizuri sana, lakini kwa mbio fupi. Mita 100 na 200, mbio fupi za viunzi, kuruka chini na miruko mitatu, kote huko upepo unapimwa, na ukizidi mita 2.0 kwa sekunde rekodi haikubaliwi. Sekunde 9.58 za Usain Bolt pale Berlin mwaka 2009 zimeandikwa pamoja na upepo wake, mita 0.9 mgongoni. Mita 1500 haina safu ya upepo. Hakuna anayeiandika.

Saa ya siku, hata hivyo, mimi nilikuwa naiandika. Naandika kila kitu, ni ugonjwa wa walimu wa hisabati. Kwenye daftari langu kila mbio ina tarehe na saa, na katika hesabu zangu zote sikuwa nimeitumia ile saa hata mara moja.

Nikafungua, nikahesabu kwa kidole.

Wa bweni: sita za asubuhi, mbili za jioni.

Wa Nala: mbili za asubuhi, sita za jioni.

Mazoezi ya asubuhi huanza saa kumi na mbili na nusu. Wa bweni anaamka, anavaa raba, amefika. Wa Nala saa hiyo yuko barabarani. Zile mbili za asubuhi alizikimbia siku alizolala kwa shangazi yake Makole.

## Kusoma mlalo

Asubuhi: wastani wa wa bweni ni 4:24. Wa Nala ni 4:21.

Jioni: wa bweni 4:34. Wa Nala 4:33, na ile 4:48 yake ikiwa ndani.

Niliandika namba hizo nne kwenye karatasi tupu, nikaamka kwenda kunywa maji, nikarudi kuzitazama tena. Asubuhi anaongoza wa Nala. Jioni anaongoza wa Nala. Ukichanganya asubuhi na jioni anaongoza wa bweni. Wanatakwimu wanakiita kitendawili cha Simpson, kwa jina la Edward Simpson aliyekieleza mwaka 1951, nami nimewahi kukisoma na kukifurahia kama mchezo wa namba. Sikuwahi kufikiri kingekuja kukaa kwenye daftari langu, kimevaa sare ya shule.

Hakuna uchawi ndani yake. Robo tatu ya wastani wa wa bweni imetengenezwa na asubuhi. Robo tatu ya wastani wa wa Nala imetengenezwa na jioni. Nilichokilinganisha ni saa kumi na mbili na nusu kwa saa kumi, kisha nikaviandika vipindi hivyo majina ya watoto. Namba ya katikati haikuweza kuniokoa, kwa sababu ya katikati ya wa Nala ilikuwa ya jioni na ya wa bweni ilikuwa ya asubuhi. Hata ule mkengeuko nilioutumia kumwambia Mzee kwamba mtoto hatabiriki ulikuwa, kwa sehemu kubwa, hali ya hewa ya Dodoma.

Kisha nikaenda kwenye zile mbio nne nilizoziita chache. Asubuhi mbili, jioni mbili, wote wawili kwenye mstari mmoja, filimbi moja. 4:20 kwa 4:22. 4:22 kwa 4:24. 4:30 kwa 4:33. 4:32 kwa 4:35. Wa Nala mbele kila mara, kwa sekunde mbili, mbili, tatu, tatu.

Tazama tofauti hizo zilivyo karibu. Ukitoa muda wa mmoja kwenye muda wa mwenzake siku ileile, upepo unaondoka, jua linaondoka, uwanja mbovu unaondoka, kwa kuwa vyote viliwapata wote. Kinachobaki ni watoto wawili. Mzee alikuwa anafanya hesabu hiyo kwa macho, tena bila karatasi, nami nikamwambia hana data ya kutosha.

Daftari langu lina safu moja kwa kila mtoto na mstari mmoja kwa kila siku. Nilisoma safu kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwenda pembeni sikuusoma hata mmoja.

## Barabara ya Singida

Na nilipaswa kujua. Septemba 2025 nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele mbele ya televisheni wakati Alphonce Simbu, kijana wa Singida, mtu wa barabara hiihii inayopita Nala, alipowapa Watanzania dhahabu ya kwanza kabisa katika mashindano ya dunia ya riadha. Tokyo, marathoni, 2:09:48. Amanal Petros wa Ujerumani akaandikiwa muda uleule, 2:09:48, wakatenganishwa na picha, mia tatu za sekunde... hapana, tatu tu kati ya mia za sekunde moja. Hata sasa nikiandika mkono unachanganyikiwa kwa udogo wake.

Aprili ya mwaka uleule Simbu alikimbia Boston kwa 2:05:04. Akawa wa pili.

Ziweke namba hizo mbili kwenye safu moja kama nilivyoweka zangu. Simbu wa Boston ana kasi kuliko Simbu wa Tokyo kwa dakika 4 na sekunde 44. Lakini Boston njia inakwenda upande mmoja, inateremka kutoka Hopkinton hadi mjini, na ndiyo maana muda wake hauhesabiwi kuwa rekodi ya dunia. Tokyo lilikuwa joto na unyevu. Hakuna Mtanzania aliyesema Simbu alishuka kiwango siku ile. Tulimlinganisha na waliokuwa naye barabarani, basi, na bila kufundishwa na mtu.

Ni vilevile kwa Filbert Bayi pale Christchurch, Februari 2, 1974. Bayi 3:32.2, rekodi mpya ya dunia ya mita 1500. Nyuma yake John Walker, 3:32.5. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa 3:33.1 ya Jim Ryun ya mwaka 1967. Walker aliishinda saa ya Ryun na bado akawa wa pili, kwa kuwa Bayi alikuwepo. Nawahadithia wanafunzi mbio ile kila mwaka. Nilikuwa naihadithia kwa ajili ya ujasiri wa Bayi wa kuongoza tangu mwanzo, na nitaendelea kuihadithia kwa ajili ya hilo, ila sasa namtazama pia yule wa pili.

## Chokaa

Mwezi wa sita wa bweni alikwenda kwenye mashindano. Mbio yake iliwekwa alasiri, kwenye upepo. Alikimbia 4:34, akawa wa tano. Hakukosea chochote. Alikimbia kama anavyokimbia jioni, na jioni zake nilikuwa nazo mbili tu daftarini, zikinieleza hivyohivyo.

Kwa Mzee nilienda kwanza. Nilimwonyesha zile namba nne, asubuhi na jioni. Alizisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mtoto ndiye wa kuambiwa."

Nilimwita wa Nala baada ya vipindi. Daftari likawa katikati yetu.

"Uliniuliza siku uliyokosea."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haikuwepo. Aliyekosea ni mimi, katika kusoma daftari hili. Naomba unisamehe."

Kwa mwanafunzi wa kwetu, mwalimu kumwomba radhi ni jambo zito kulipokea. Aliinamisha kichwa, akasema hapana Mwalimu, hamna shida. Nikaona ni heri nimwonyeshe namba kuliko kuendelea kumwaibisha kwa maneno. Nikamweleza asubuhi na jioni. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Kisha kidole chake kikashuka kwenye safu yake na kusimama kwenye 4:48.

"Hii si ile siku ya chokaa?"

Sikuelewa.

"Ile siku leni za ndani zilikuwa zimepigwa chokaa mchana, kwa ajili ya mashindano ya madarasa kesho yake. Ulituambia tusikanyage. Tukakimbilia leni ya nne."

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimewaambia hivyo kweli. Nilikumbuka hata ndoo ya chokaa ilipokuwa imewekwa.

Leni ina upana wa mita 1.22. Kila unapohama leni moja kwenda nje, raundi inaongezeka mita 7.67. Leni tatu nje ni mita 23 kwa raundi, na mita 1500 zina kona saba, yaani raundi tatu na nusu za kona. Mita 80 hivi za ziada. Siku ile mtoto huyu alikimbia kama mita 1580, nami nikamwandikia muda wa 1500. Kwa kasi aliyokuwa nayo, 1500 ya kweli ingekuwa kama 4:33, jioni ya kawaida kabisa kwake.

Nikaweka rula chini ya mstari wa tarehe ile, nikasoma kwenda pembeni. Kila aliyekimbia 1500 jioni ile alikuwa amechelewa, huyu kwa sekunde 12, huyu 15, mwingine 17 kuliko kawaida yake. Wote. Mstari mzima ulikuwa unasema kitu kimoja tangu Aprili.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: leni ya nne, chokaa mbichi. 4:48 sikuifuta, wala sikuandika 4:33 juu yake, kwa kuwa hiyo hakuna saa iliyoipima.

Yeye alikuwa bado anautazama mstari.

"Na hawa wenzangu wa siku ile, Mwalimu?"

Yalikuwa majina sita. Mawili kati ya hayo niliyaacha nje ya mbio za mchujo wa mwisho kwa sababu ya wastani.

Nikamwambia avute kiti.